Gari Lililokaa Nyumba Kumi na Moja

Kwa miezi miwili nilikuwa nikilikalia gari la baba mkwe wangu bila kujua kwamba ni gari. Nilidhani ni kochi. Lilikuwa limefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kama makochi yote ya Makongeni miaka ile ya sabini ikielekea ukingoni, na kila Jumapili nilipokwenda kumwona binti wa nyumba ile, hapo ndipo nilipoelekezwa kukaa. Jambo moja tu lilinitatiza. Kochi lenyewe lilikuwa chini mno, hata magoti yakawa yananifika kifuani, na kunywa chai ukiwa umejikunja hivyo mbele ya wazazi wa mchumba ni adhabu. Mimi ni fundi wa magari. Nilikuwa na miaka tisa katika gereji moja ya Baba Dogo, na watu waliniletea magari kutoka mbali. Bado sikukitambua kiti cha nyuma cha gari nilipokuwa nimekikalia. Nalisema hili mapema ili mtu asiniamini kupita kiasi kwa mengine nitakayosema.

Nilikuja kujua siku ya mazungumzo ya mahari. Wazee wangu walishuka kutoka Nyeri wakiwa wamejiandaa kubishana mpaka jua litue, kwa sababu mzee, baba wa binti, alikuwa mtu wa Kakamega aliyefanya kazi reli maisha yake yote, na walisikia kwamba watu wa reli hawabembelezeki. Mahari yalikubaliwa kabla chai haijapoa. Mjomba wangu alianza kuvaa kofia yake kwa furaha, ndipo mzee akasimama, akavuta koti lake chini kwa mikono miwili.

"Limebaki jambo moja," alisema. "Binti yangu hatatoka hapa kwa gari la kukodi. Atatoka kwa gari la baba yake."

Mjomba alichungulia dirishani. Nje palikuwa na nguo zilizoanikwa, kuku, na turubai lililofunika kitu.

"Na hilo gari liko wapi?" akauliza.

"Wewe mwenyewe umelikalia," mzee akamjibu.

Basi tukaelezwa. Muda mfupi baada ya uhuru, bosi mmoja Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mzee gari lake, gari la miaka ya hamsini lenye mgongo wa mviringo na taa mbili kubwa za macho. Mzee akaliendesha mwezi mmoja. Kisha akalifungua lote, mpaka nati ya mwisho, ili alisafishe kama walivyokuwa wakisafisha vichwa vya treni karakana. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati, na gari lililofunguliwa linataka nafasi mara tatu ya gari zima. Majirani wakaombwa wahifadhi vipande kwa wiki mbili tatu.

"Mkwe ni fundi," mzee akaendelea. "Atalikagua, kisha atatoa hukumu mbele ya watu. Akisema linafaa, atalifunga, na bibi harusi atatoka nalo. Akisema limekufa, aseme limekufa, nami nitanyamaza."

Nje ya mlango mjomba alinivuta pembeni. "Sema limekufa, twende zetu."

Mchumba wangu alinisindikiza hadi barabarani na yeye akanipa msimamo wake. "Watu waliowahi kulicheka gari lile, baba hawasalimii mpaka leo. Ukimwambia limekufa, atanyamaza kweli, na atanyamaza mpaka mimi nizeeke hapa. Na ukisema ni zima, ulifunge upesi. Mimi sitaki kwenda kanisani na mkongojo." Nikamuuliza yeye mwenyewe angependa niseme nini. Akasema, "Ukweli. Lakini uuchague vizuri."

Jumamosi iliyofuata nikaja na sumaku, bisibisi na tochi. Mzee alinipokea amevaa koti la kaki la kazini, lililopigwa pasi, na daftari gumu kwapani. Humo alikuwa ameandika kila kipande: nambari, jina, na nyumba kinakoishi. Nyumba za majirani zilikuwa kumi na moja. Nimewahi kukagua magari shimoni, mtoni, na moja juu ya mti, lakini sikuwa nimewahi kukagua gari kwa kubisha hodi.

Tulianza na bodi, nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Kuku walitoka kupitia mahali pa taa wakiwa wamekasirika. Nilipitisha sumaku pembeni mwa milango, ambako mafundi wajanja huziba kutu kwa unga na rangi, na sumaku ikashika kila mahali. Nikaingia chini na kuichoma sakafu kwa bisibisi, nikitarajia itokezee upande wa pili. Haikutokeza. Chini kote kulikuwa kumepakwa grisi nene nyeusi, na sikuuliza grisi hiyo ilitoka wapi. Nilitoka na mavi ya kuku nywelani na moyo mzito, kwa sababu nilikuwa nimekuja nikiomba bodi liwe limeoza.

Kutoka hapo tukaingia mtaani. Boneti ilikuwa kwa shemasi wa kanisa, ikiwa paa la banda lake la makaa. Shemasi alitukaribisha kwa maombi, akatutilia chai, na mzee alipokwenda kusoma lebo kwenye boneti, shemasi akaniinamia sikioni. Alisema anampenda sana mzee. Alisema pia kwamba masika yako karibu, na kwamba kuna wakati Mungu humtaka mtu akubali. Kwa mwalimu, kioo cha mbele kilikuwa kimekuwa meza, kimewekwa juu ya masanduku, na chini yake mwalimu alikuwa amepanga picha zake zote tangu chuoni. Naye alimpenda sana mzee. Naye alitaka kujua kama chuma huwa hakichoki.

Tangi la petroli lilikuwa kwa mama mmoja aliyesifika mtaani kwa ukarimu wake wa jioni. Nimenusa matangi mengi maishani. Nilipofungua kifuniko cha lile, macho yalinitoka machozi.

"Ni maji," mama akasema.

"Maji ya nini?"

"Ya wageni."

Mzee, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na hakuwa amegusa pombe tangu ubatizo wake, aliinama juu ya tangi hilo kama kwamba halina harufu yoyote, akaifuta lebo kwa kidole gumba. "Nambari arobaini na nne. Tangi. Lipo," akasema, akatia alama daftarini.

Usukani ulikuwa ukutani kwa karani mmoja kijana wa halmashauri, umezungushiwa picha za wachezaji wa mpira. Huyo hakujisumbua kunong'ona. "Maze fundi, wacha kujisumbua. Hiyo ndai ilikufa kitambo. Ambia buda aache stori, hiyo stelingi imezoea hapa kwangu." Mzee alimsikia. Alilifunga daftari bila kutia alama, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona kwamba lile halikuwa jambo la kuchekesha kwake hata kidogo. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma wakati nilikuja kujitafutia mke tu.

Kufikia alasiri nilikuwa nimekunywa vikombe kumi na kimoja vya chai na kusikia jinsi mzee anavyopendwa na watu kumi na mmoja ambao hawakutaka kumrudishia mali yake. Wote waliomba kitu kimoja. Fundi aseme limekufa, harusi ifanyike, na paa na meza zao zibaki mahali pake.

Tuliporudi, mzee alipanda juu ya kiti akashusha mikebe ya kakao iliyokuwa imepangwa juu ya boriti. Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Mtu akikuletea gari lililofunguliwa, usianze kumwuliza habari za bodi wala injini. Mwulize nati ziko wapi. Aliyelifungua kwa hasira au kwa ulevi atakuonyesha ndoo moja yenye kila kitu, na hapo mwambie aliuze kwa kilo. Mikebe ya mzee ilikuwa ishirini na miwili. Kila nati ilikuwa imerudishwa kwenye bolti yake, ikafungwa kwa karatasi ya nta, ikatiwa lebo ya bati yenye nambari iliyogongwa kwa patasi. Sijawahi kuona kazi safi kama ile, kabla wala baada. Hata Mwingereza aliyeandika kitabu cha gari lile asingefikia utaratibu ule.

Ilibaki injini, na injini ilikuwa chini ya kitanda cha baba na mama mkwe, nyuma ya pazia.

Asiyejua desturi za wenzetu wa magharibi ya Kenya hataelewa kwa nini nilitokwa jasho. Mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hampi hata mkono, na kuingia anakolala ni aibu ambayo haisafishiki kwa mbuzi mmoja. Kuinama chini ya kitanda chake na tochi ndiko kabisa hakusemeki. Nikapendekeza injini itolewe nje. Waliitwa wanaume wanne, na kumbe katika muda wa dakika kumi wote wanne walikuwa wameshikwa na mgongo. Karani alisema mgongo wake ni wa kuzaliwa.

Basi tukaamua hivi. Nilikaa kwenye kochi, nikautazama mlango wa nje, pazia likiwa nyuma yangu. Mama alikuwa chini ya kitanda na taa ya chemni. Mzee alisimama katikati kama refa. Nilikuwa nikimwuliza mzee, mzee anauliza pazia, na pazia linajibu.

"Mwulize kuna matundu mangapi."

"Mwambie mgeni manne."

"Aingize kidole ndani ya tundu. Juu kabisa kuna ngazi ya chuma kulika, au ni laini?"

"Mwambie mgeni ni laini kama sinia."

"Kuna ufa? Apitishe ukucha pande zote."

"Mwambie mgeni hakuna ufa. Na mwambie kuna mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia," pazia likasema. "Kila Krismasi mimi huipaka."

Mzee aligeuka akalitazama lile pazia. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amejua. Akasema anakwenda kumwuliza shemasi kuhusu ibada ya kesho, akatoka upesi, na hakuna mtu ambaye angemtafuta shemasi saa ile akiwa na uso kama ule.

Nikabaki na mgongo wangu na pazia. Nilikuwa nikijiuliza kama desturi inaniruhusu kuendelea kukaa pale, mama alipozungumza nami mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja katika nyumba ile.

"Mwanangu, usigeuke. Nisikilize tu. Huyu mzee hajui kufunga."

Nikasema sijaelewa.

"Karakana kulikuwa na gengi la kufungua na gengi la kufunga. Yeye miaka yote alikuwa wa kufungua. Anafungua, anapanga, anaandika nambari, wale wengine wanakuja kufunga. Hili gari lilikuwa linatembea. Halikuwa na kosa lolote. Tulienda nalo kanisani mara nne. Alipolifungua alifurahi kweli, akaimba. Siku alipomaliza kusafisha, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaviangalia vipande mpaka usiku. Hakuniambia kitu. Tangu siku hiyo husema anangoja nafasi."

Nilisikia akiivuta taa sakafuni.

"Ukiwaambia watu gari ni zima, watauliza kwa nini yeye hakulifunga miaka yote hii, na watajua. Ukiwaambia limekufa, utamuua."

"Sasa niseme nini, mama?"

"Fundi si ni wewe?" akasema.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Niliwakasirikia majirani na chai yao, na mjomba aliyenitumia ujumbe kwa mtu wa mboga kwamba niseme neno moja tu, limekufa, halafu nile harusi yangu. Zaidi ya yote nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu uongo ule ungekuwa rahisi sana. Nani angenipinga? Injini ilikuwa mahali ambapo hakuna mwanaume angekwenda kuhakikisha.

Jumapili baada ya ibada mtaa mzima ulikuwa pale. Wenye bahati walikaa ndani, wengine walijaza dirisha. Shemasi alifungua kwa maombi marefu, akimsihi Mungu ampe fundi ujasiri wa kuachana na vitu vya dunia hii vinavyoshika kutu. Watu wa vipande wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Mzee alikaa kiti cha mbao karibu na pazia, amevaa suti, daftari magotini. Alikuwa akiitazama sakafu. Nikatambua kwamba alikuwa akiogopa majibu yote mawili sawasawa.

Nikasimama. "Gari ni zima," nikasema.

Mwalimu alishika kichwa. Karani akasema neno la Kisheng ambalo sitaliandika. Na sauti moja kutoka dirishani, sauti niliyokuwa naingoja, ikauliza: "Kama ni zima, kwa nini mzee hajalifunga miaka kumi na miwili?"

"Kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulifunga peke yake," nikajibu. "Hata mimi siwezi. Mimi hufunga gari nililolifungua mwenyewe. Hili limefunguliwa na mzee, na siri yote iko kwenye nambari zake. Kazi kama hii ni ya watu wawili. Nitashika spana, yeye asome daftari kuanzia nambari ya mwisho, akirudi nyuma mpaka moja. Akikataa, basi tulizike gari leo."

Nilikuwa nimejitahidi kuyasema hayo kama kitu cha kawaida cha gereji. Mzee aliinua macho polepole.

"Kurudi nyuma?" akauliza.

"Kurudi nyuma, baba."

Alilifungua daftari ukurasa wa mwisho, akauangalia kama ukurasa ulioandikwa na mtu mwingine. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili, akienda mbele kwa kurudi, na uso wake ukaanza kufunguka, na nadhani mimi peke yangu mle ndani pamoja na mama aliyekuwa nyuma ya pazia tulijua alichokuwa akikiona. Miaka yote ile alikuwa amekaa na kitabu cha kufunga gari mkononi, amekiandika mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinasomeka kutoka nyuma.

"Nambari mia tatu kumi na nane," alisema kwa sauti ya karakana. "Bloku ya injini. Iko chini ya kitanda. Nani ana mgongo mzuri?"

Vipande vilirudi, na viliporudi tulijua ni nani anampenda mzee kweli. Hakuna. Shemasi alichelewesha boneti mpaka masika yapite. Mama mkarimu alileta tangi limeoshwa mara tatu, na bado siku tulipowasha gari, moshi wake ulinukia sherehe. Jumamosi zote kwa miezi saba mzee alisoma na mimi nikafunga. Mwanzoni alishika daftari kwa mikono miwili na hakukaribia spana. Baadaye alianza kuinama na kuuliza kwa nini bolti hii inakazwa kabla ya ile. Mchumba wangu alileta chai na kuhesabu vipande vilivyobaki badala ya siku.

Asubuhi ya harusi ilibaki nambari moja. Mzee aliitoa mfuko wa ndani wa suti. Ilikuwa ufunguo, na lebo yake ya bati ilikuwa na maneno madogo yaliyogongwa chini ya nambari: linawaka vizuri. Na kweli likawaka, baada ya kusukumwa kwenda na kurudi na watu wote niliowanyang'anya vipande, ambao walilisukuma kwa nguvu za mtu mwenye kisasi. Tulifika kanisani, tukarudi, halikuzimika. Mzee alikaa mbele, akisikiliza injini njia nzima.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka mke wangu kuwasalimu wazazi wake. Tulipokata kona niliona vichwa kwenye madirisha yote. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na masanduku yake tayari. Shemasi aliniamkia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Uani, gari lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali. Boneti ilikuwa chini, milango miwili imeegemezwa ukutani, kiti cha nyuma kimewekwa kivulini. Mzee alikuwa amevaa koti la kaki. Kila kitu kilikuwa na lebo mpya.

"Baba," nikasema, "limeharibika nini?"

"Halijaharibika," akasema. Alinipa daftari, jipya, bado linanuka duka, kisha akachukua spana mezani akaigeuza mkononi ili aishike vizuri. "Kaa hapo kwenye kochi. Safari hii wewe utasoma. Nitafunga mimi."